Ziara ya muziki wa gemu kwa matarumbeta na kwaya: mwongozo kamili kwa Moshi na Arusha

Mwaka 2011 wimbo ulioimbwa kwa Kiswahili ulishinda tuzo ya Grammy, ukawa wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kuipata tuzo hiyo. Ni "Baba Yetu" wa Mmarekani Christopher Tin, aliouandika kwa ajili ya Civilization IV iliyotoka mwaka 2005. Maneno yake ni Sala ya Bwana. Tangu hapo kwaya za nchi nyingi zimeuimba kwenye matamasha ya muziki wa gemu, na wanakwaya wake hujifunza silabi moja moja namna ya kutamka "litukuzwe". Huku kwetu mtoto wa shule ya Jumapili analitamka neno hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Nafundisha kwaya na napiga tarumbeta, na nimekua na brick game mkononi, kile kigemu cha betri mbili kilichokuwa kinazunguka mtaa mzima mpaka vitufe vinafutika. Mwongozo huu ni kwa mtu kama mimi: una kwaya, unawajua vijana wa matarumbeta, na unataka kuupeleka muziki wa gemu ukumbini Moshi, Usa River na Arusha. Kila ninachoandika hapa nimekijaribu, na mengine niliyajua baada ya kukosea.

Ziara hizi zinavyokwenda

Okestra ilianza kupiga muziki wa gemu ukumbini huko Japani. Agosti 1987 Koichi Sugiyama aliweka muziki wake wa Dragon Quest jukwaani katika ukumbi wa Suntory, Tokyo. Nje ya Japani tamasha la kwanza la aina hiyo lilifanyika Leipzig, Ujerumani, mwaka 2003, kwenye ukumbi wa Gewandhaus. Jina la Leipzig si geni Uchagani. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na desturi ya matarumbeta ya kanisani tuliipata kwa Walutheri wa Kijerumani. Nikifikiria kwamba mji uleule ndio uliofungua mlango wa muziki huu Ulaya, naona tuna undugu nao wa siku nyingi.

Baadaye zikaja ziara zenyewe. Video Games Live ya Tommy Tallarico na Jack Wall ilianzia Hollywood Bowl, Los Angeles, mwaka 2005. Distant Worlds, yenye muziki wa Final Fantasy wa Nobuo Uematsu, ilianzia Stockholm mwaka 2007 chini ya Arnie Roth. Cha kujifunza kwao ni hiki: hawazunguki dunia na wapigaji themanini. Wanaosafiri ni mwongozaji, waimbaji au wapigaji wachache maalumu, na masanduku ya nota. Kila mji wanakuta okestra na kwaya ya hapohapo, wanafanya mazoezi kwa muda mfupi, wanapanda jukwaani.

Ndivyo utakavyofanya na wewe. Usijaribu kupakia kwaya ya watu arobaini kwenye coster mbili kutoka Moshi hadi Arusha. Safiri na watu tisa au kumi, kisha Usa River uwe na kwaya ya Usa River, na Arusha uwe na kwaya ya Arusha. Gharama inashuka sana, na ukumbi unajaa, kwa sababu kila mwanakwaya ana mama, shangazi na jirani atakaokuja kumsikiliza.

Hatua ya kwanza: jua una nani

Kosa letu la mwanzo lilikuwa kuanza na orodha ya magemu tunayoyapenda. Tulichagua nyimbo kumi na mbili, halafu tukagundua hatuna mtu wa kupiga fidla hata mmoja. Anza na watu. Chukua daftari, andika kila mpigaji na kitu anachokipiga, na nota ya juu kabisa anayoifikia bila kukunja uso.

Kundi la kusafiri linalotosha ni hili: tarumbeta tatu, tromboni mbili, baritoni au tuba moja, kinanda, dramu, na mtu wa kayamba na vyombo vidogovidogo. Wapigaji hawa wapo. Waangalie Jumamosi mchana nyuma ya pikapu inayosindikiza maharusi, waulizie makanisani, waulizie kwa wastaafu wa bendi za polisi, maana Shule ya Polisi iko papo hapo Moshi. Usa River kuna Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira chenye idara ya muziki. Ukihitaji filimbi, fidla au mtu wa kukusomea nota ulizoandika, anzia pale. Wanafunzi wa muziki wana kiu ya kazi za jukwaani, ila waheshimu kwa kuwalipa.

Ukimfuata mwalimu wa kwaya wa mji mwingine, nenda mwenyewe. Usitume ujumbe tu. Kaa naye, msikilize kwanza kwaya yake inavyoimba, ndipo umwonyeshe karatasi.

Hatua ya pili: nyimbo

Hapa ndipo ziara inaposimama au kuanguka, hivyo nitakaa kidogo.

Karibu muziki wote wa gemu unaoujua bado una mwenyewe. Kwa sheria yetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi inalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Koji Kondo, aliyetunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985, yuko hai. Kwa hiyo usijidanganye kwamba gemu ikiwa ya zamani, wimbo wake ni wa bure.

Lakini upo mlango mwingine. Magemu ya mwanzo yalichukua nyimbo za kale zisizo na mwenyewe tena, na hizo unaweza kuzipanga upya utakavyo bila kumwomba mtu. Ule wimbo wa Tetris ya Game Boy ya mwaka 1989, ambao kila aliyeshika gemu hiyo anaujua, ni wimbo wa asili wa Kirusi unaoitwa "Korobeiniki", na maneno yake yanatokana na shairi la Nikolay Nekrasov la mwaka 1861. Unahusu mchuuzi anayetembeza vitambaa na kupatana bei na msichana. Mshereheshaji akisema kwamba huo ni wimbo wa machinga, ukumbi mzima unaelewa kabla nota ya kwanza haijapigwa. Tetris hiyohiyo ina chaguo la tatu la muziki, nalo ni minueti ya Johann Sebastian Bach. Gemu ya Uingereza ya mwaka 1983, Manic Miner, ilitumia waltzi ya Danube ya Johann Strauss mwanzoni, na ndani ya mchezo ikatumia "In the Hall of the Mountain King" ya Edvard Grieg.

Hiyo ya Grieg ninaipenda kuliko zote kwa matarumbeta. Inaanza chini, polepole, kama mtu anayenyata gizani, inapanda kidogo kidogo, mwishoni inakwenda mbio. Vijana waliozoea kusindikiza harusi wanaujua mwendo huo mwilini. Kazi yako ni moja tu: kuwazuia wasianze mbio mapema.

Ushauri wangu ni programu ya dakika 70, nyimbo kumi. Nusu ziwe za kale za namna hii. Tatu ziwe za magemu zenye wenyewe, ambazo umeziombea kibali na kulipia nota. Moja iwe "Baba Yetu", ambayo nota zake za kwaya zinauzwa mtandaoni. Nunua nakala za kutosha watu wako, usitoe fotokopi ya moja. Maneno ni ya sala, lakini muziki ni wa Tin. Nafasi iliyobaki mpe mwalimu wa kwaya mwenyeji wa kila kituo aweke wimbo wake mwenyewe.

Usiweke nyimbo tatu za matarumbeta mfululizo. Midomo inachoka, na mpigaji aliyechoka midomo hana dawa isipokuwa kupumzika. Panga hivi: matarumbeta, kwaya, wote, kinanda na filimbi, kisha matarumbeta tena.

Hatua ya tatu: vibali

Anza miezi mitatu kabla. Nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri, Manispaa ya Moshi kwa upande wa Moshi na Jiji kwa upande wa Arusha, akueleze utaratibu wa kibali cha onyesho na usajili wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa habari ya leseni ya kupiga hadharani kazi za watu. Ujue kwamba ruhusa ya kuupiga wimbo ni kitu kimoja na ruhusa ya kuupanga upya kwa vyombo vyako ni kitu kingine. Hiyo ya pili unamwandikia mwenye wimbo au mchapishaji wake. Polisi nao wapewe taarifa. Kila karatasi toa nakala mbili, moja ikae kwenye bahasha ya safari.

Watu wengi huuliza kuhusu skrini, kwa sababu ziara za nje huonyesha picha za gemu nyuma ya okestra. Mimi nakushauri uiache. Picha za gemu zinahitaji ruhusa yake peke yake. Pia zinamlazimisha mwongozaji afuate mdundo wa mashine sikioni ili muziki usiachane na picha, na umeme ukikatika sekunde tano tu, picha na muziki havikutani tena. Tafuta mshereheshaji anayejua kusimulia. Dakika moja ya maneno mazuri kabla ya kila wimbo inatosha.

Hatua ya nne: kuandika nota

Sikiliza muziki wa gemu za zamani kwa makini, utagundua jambo la kutia moyo. Mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, ambayo Marekani iliitwa NES, ilikuwa na njia mbili za sauti kali za kubeba wimbo, njia moja laini iliyotumika zaidi kwa besi, njia moja ya mchakacho kwa ngoma, na ya tano ya vipande vifupi vilivyorekodiwa. Basi. Watunzi walibanana humo. Ukiangalia kundi lako unaona linalingana: tarumbeta ya kwanza na ya pili zibebe zile njia mbili, baritoni au tuba ichukue besi, kayamba ichukue mchakacho. Muziki huu ulizaliwa mdogo, kwa hiyo kundi dogo linautosha vizuri.

Jihadhari na kitu kimoja. Kwa kuwa njia zilikuwa chache, watunzi waliigiza kodi, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, kwa kuzirusha nota zake moja baada ya nyingine kwa kasi kubwa, mpaka sikio likasikia kama zinalia pamoja. Usimwandikie mpiga tarumbeta vitu hivyo, utamuumiza bure. Zikusanye zile nota, wape kwaya waimbe "uu" kwa sauti nne, washikilie. Hapo ndipo muziki wa gemu unapogeuka kuwa muziki wa ukumbini, na mara ya kwanza nilipousikia hivyo kanisani jioni, watu ishirini tu wakiimba taratibu, nilinyamaza.

Jambo la pili: kwenye gemu wimbo hauishi, unazunguka. Lazima uutungie mwisho. Zunguka mara mbili, mara ya pili ongeza tromboni, kisha andika hatua nne za kufunga.

Kwa kuandikia, programu ya MuseScore ni ya bure na inatosha. Kila wimbo utahitaji karatasi za aina mbili. Matarumbeta wanasoma mistari mitano. Wanakwaya wengi wanasoma solfa, zile d r m. Usiwalazimishe wanakwaya wahame kwa ajili ya tamasha moja, waandikie solfa safi yenye mapigo yaliyopangwa sawasawa.

Kisha kuna mtego uliotuharibia mazoezi yetu ya kwanza yote. Tarumbeta ya kawaida ni ya B-flati: mpigaji akiona C na kupiga C yake, kinanda kinasikia B-flati. Kwa hiyo nota zake huandikwa hatua moja nzima juu zaidi. Lakini katika desturi ya Kijerumani ya matarumbeta ya kanisani, wapigaji hufundishwa kusoma sauti halisi, sawa na kinanda. Unaweza kuwa na vijana wawili wamekaa bega kwa bega, mmoja kajifunza hivi, mwingine vile. Kuwatambua ni rahisi. Andika C ya chini, ile ya kamstari ka ziada chini ya mistari mitano, umwambie kila mmoja aipige. Akipiga bila kubonyeza kitu, anasoma kwa mtindo wa B-flati. Akibonyeza kitufe cha kwanza na cha tatu, anasoma sauti halisi. Andika jina lake na mtindo wake juu ya karatasi yake.

Funguo za flati ndizo rafiki wa matarumbeta. "Korobeiniki" iweke D maina au G maina, utawasikia wanapumua.

Hatua ya tano: mazoezi

Wiki sita zinatosha. Kwaya za vituo vingine watumie solfa pamoja na sauti ulizorekodi kwa simu: sauti ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, mpaka ya nne, kinanda kikiwa chini kidogo. Tuma kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, halafu nenda wiki ya tatu na wiki ya tano uwasikilize.

"Baba Yetu" itakushangaza. Utadhani kwa kuwa wanakwaya wanaijua sala, itawachukua siku moja. Kinyume chake, kuijua ndiko kunakowaponza. Kwenye wimbo, ombi la chakula linatangulia ombi la ufalme, na maneno mengine yanarudiwa au kukatwa ili yaingie kwenye mdundo. Mwanakwaya akifumba macho tu, ulimi unarudi kwenye sala ya ibadani, anapotea. Nilichofanya ni kuyaondoa maneno kabisa kwa mazoezi mawili. Tukapiga makofi mdundo wake, tukaimba "la la", maneno yakarudi mwisho.

Na mzee mmoja wa kanisa atakuuliza, kama alivyoniuliza mimi: "Mwalimu, huu ni wimbo wa ibada au wa mchezo?" Mjibu ukweli: ulitungwa kwa ajili ya gemu, maneno ni ya sala. Mkaribishe mazoezini asikie mwenyewe kabla ya siku. Wanakwaya wasio Wakristo nao waulizwe faragha kama wako tayari kuuimba, na asiyependa akae bila kusumbuliwa.

Hatua ya sita: tarehe, ukumbi na barabara

Kwepa Jumamosi. Wapigaji wako wana harusi, na spika nzuri zote za kukodi zimeshachukuliwa. Jumapili saa kumi alasiri inafaa zaidi. Kwepa masika, Machi mpaka Mei, mvua ikipiga bati huwezi kusikia hata tuba. Kwaresma waulize walimu wa kwaya ratiba zao. Kwa Moshi, siku bora za mwaka ni zile chache baada ya Krismasi, watu wa Dar na kwingineko wakiwa wamepanda nyumbani na watoto wao waliokua na gemu.

Ukumbi uupime kwa makofi. Simama katikati, piga kofi moja. Ukisikia mwangwi unarudi mara mbili, matarumbeta yataivuruga kwaya, tafuta mwingine. Kumbi za makanisa na vyuo mara nyingi zinasikika vizuri kuliko za harusi zenye mapazia na maua ya plastiki. Arusha usivutwe na jumba kubwa la mikutano la AICC kwa ziara ya kwanza: watu mia tatu kwenye ukumbi wa mia tatu ni tamasha, kwenye Simba Hall, ukumbi mkubwa wa humo, ni viti vitupu.

Matarumbeta hayahitaji maiki kabisa. Kwaya ipewe mbili au tatu zilizosimama mbali kidogo, kinanda kiingie kwenye miksa. Mwambie fundi mitambo mapema, la sivyo atamwekea kila mtu maiki mdomoni kama kawaida ya harusi. Jenereta iwepo, imewashwa na kujaribiwa siku hiyohiyo, na ikae mbali na dirisha.

Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi. Mimi ningeanzia Usa River, iliyo njiani karibu na Arusha, mbele ya wanafunzi wa muziki watakaokuambia ukweli. Wiki inayofuata Moshi, kisha Arusha. Coster moja inabeba kundi, vyombo na stendi za nota.

Ukitoka Moshi kwenda Arusha unapanda mita mia kadhaa na kuingia kwenye ubaridi, hasa Juni na Julai. Shaba ikipoa, sauti yake inashuka. Kinanda hakishuki. Wapigaji wafike saa mbili kabla ya tamasha kuanza, wapige taratibu mpaka vyombo vipate joto, ndipo mpatanishe sauti na kinanda, mkiwa ndani ya ukumbi wenyewe. Mkisubiri zamu yenu nje kwenye ubaridi, rudieni tena.

Siku yenyewe

Mazoezi ya pamoja na kwaya mwenyeji yawe ya saa moja na nusu tu, asubuhi au jana yake. Piteni mianzo, miisho, na sehemu moja ngumu ya kila wimbo. "Baba Yetu" ndiyo pekee mtakayoiimba yote. Uwe na vibanio vya nguo kwa kushikilia karatasi kwenye stendi, feni za ukumbini haziachi kitu. Fungua na "Korobeiniki", wimbo unaowaamsha hata waliokuja kumsindikiza mtu. "Baba Yetu" iwe ya mwisho, kwaya na matarumbeta wakiwa pamoja, na mshereheshaji asiseme neno baada yake.

Wapigaji walipwe usiku huohuo, mkononi, kabla hujala. Kisha simama kwenye mlango wa coster na orodha yako, ukusanye karatasi moja moja, zikae kwenye bahasha kwa majina. Ukisema utazihesabu mkifika, ile ya tromboni ya pili itakuwa imebaki Arusha.